KUJUA SI KUTENDA: NI KITU GANI KINACHOMFANYA MTU AYATUNZE MAZINGIRA?

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa njema zote anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake.



Napenda nianze makala haya kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Kiangazi kilichopita, siku moja baada ya swala ya Alasiri, nilitoa darsa hapa madrasa juu ya israfu ya maji. Nilieleza kwa kirefu jinsi maji yanavyopatikana kwa taabu hapa kwetu Bariadi, jinsi mito yetu inavyobaki mchanga mtupu kuanzia mwezi wa Julai, na jinsi akina mama wanavyochimba vishimo katika mchanga ule ili wapate ndoo moja. Wanafunzi walisikiliza kwa utulivu, na mimi nikaondoka nimeridhika.

Ilipokaribia Magharibi nikaenda bombani kutawadha. Nikafungulia maji, kisha nikaanza kukunja mikono ya kanzu. Akapita mzee mmoja, nikamsalimia na kumjulia hali ya mifugo yake. Muda wote huo maji yanamwagika. Mwanafunzi mmoja mdogo akasogea kimya kimya, akatega ndoo chini ya bomba. Nilipomaliza kuosha miguu ndoo ilikuwa imekaribia kujaa. Akaniambia kwa adabu, "Shikamoo Ustadh. Samahani, maji haya niyapeleke kwenye miche?"

Wallahi nilitahayari. Hakunikemea wala hakunikumbusha darsa langu. Lakini usiku ule nilijiuliza swali ambalo ndilo msingi wa makala haya: ikiwa mimi niliyefundisha nimefanya hivi saa mbili tu baada ya kufundisha, basi kumbe kujua ni jambo moja na kutenda ni jambo jingine. Kati ya mawili hayo kuna nini?

ELIMU PEKE YAKE HAITOSHI

Saikolojia ni elimu inayochunguza nafsi na tabia za mwanadamu, yaani kwa nini mtu anafanya yale anayoyafanya. Wataalamu wa elimu hii wameshughulika kwa miaka mingi na suala la mazingira, na moja ya mambo wanayokubaliana ni hili: mtu anaweza kujua madhara, akasikitika, hata akakusudia kuacha, na bado asiache. Ukimuuliza mchoma mkaa yeyote katika wilaya zetu kama kukata miti kunaleta ukame, atakujibu ndiyo, tena atakueleza vizuri kuliko mimi. Hakukosa elimu.

Basi ni nini kinachotuzuia? Tutazame sababu nne.

1. Jicho hufuata wenzake

Mwanadamu hutazama wenzake wanafanya nini kabla ya kutazama tangazo linasema nini. Mwaka 1990 mtafiti wa Marekani, Robert Cialdini, na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya katika maegesho ya magari. Walibandika vikaratasi kwenye vioo vya magari, kisha wakaangalia mwenye gari akirudi atakitupa chini au atakichukua. Mahali palipokuwa pameshatapakaa taka, waliotupa walikuwa wengi zaidi kuliko mahali palipokuwa pamefagiliwa. Karatasi ilikuwa ni ile ile. Kilichobadilika ni uwanja tu, na uwanja ule ulikuwa unawaambia, "hapa ndivyo tufanyavyo."

Mwaka 2008 Cialdini na wenzake wengine wawili walitoa utafiti wa hotelini. Wageni waliwekewa kadi za kuwaomba watumie taulo zaidi ya mara moja ili kupunguza ufuaji. Kadi iliyosema kuwa wageni wengi wa hoteli hii hurudia taulo zao ilifanya kazi vizuri zaidi kuliko kadi iliyowaomba wayahurumie mazingira.

Kuna funzo hapa kwetu sisi walimu. Tunaposimama kwenye mstari na kulalamika, "Kila mtu hapa anatupa maganda ya miwa ovyo!" tunadhani tunakemea. Kumbe mwanafunzi anasikia kuwa kila mtu anatupa, basi na yeye akitupa hatakuwa wa kwanza.

2. Cha wote si cha yeyote

Mwaka 1968 watafiti John Darley na Bibb Latané waliwaweka wanafunzi wa chuo katika vyumba mbali mbali, wakizungumza kwa vipaza sauti. Ghafla mmoja akasikika kana kwamba ameshikwa na kifafa. Aliyeamini kuwa yeye peke yake ndiye aliyesikia, mara nyingi alitoka kwenda kusaidia: asilimia 85 walitoka mapema. Lakini walioamini kuwa kuna wengine wanne wanaosikia, waliotoka mapema walikuwa asilimia 31 tu. Hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alidhani mwenzake atakwenda.

Ndivyo lilivyo lambo la kijiji. Kila mwenye ng'ombe anajua kuwa kingo zinabomoka na tope linajaa, lakini anasema, "ng'ombe wangu kumi watafanya nini katika mia tano?" Na mwenzake anasema hivyo hivyo. Mtume (s.a.w.) alilibainisha jambo hili kwa mfano uliomo katika Sahih Bukhari, wa watu waliopanda jahazi moja, baadhi wakawa juu na wengine chini. Wale wa chini wakafikiri kutoboa tundu katika sehemu yao ili wapate maji bila ya kuwasumbua wa juu. Wakiachwa, wote wataangamia. Wakishikwa mikono, wote wataokoka. Sisi wa Simiyu tupo mbali na bahari, lakini jahazi tunalo: ni hili lambo, na ni huu mto Simiyu unaotiririka hadi Ziwa Viktoria.

3. Faida ya leo na hasara ya kesho

Gunia la mkaa ni fedha leo jioni. Ukame ni jambo la miaka ijayo, na huenda ukampata mtu mwingine. Nafsi ya mwanadamu huliona kubwa lililo karibu na dogo lililo mbali. Hapa tutahadhari tusiwadharau wenye dhiki. Mama anayekata kuni kwa sababu watoto hawajala hana haja ya darsa. Ana haja ya njia nyingine ya kupikia. Mwenye kuhubiri tu bila ya kumfikiria huyu, maneno yake hayafiki mbali.

4. Mazoea

Mambo mengi tunayoyafanya kila siku hatuyafikirii. Mkono wangu ulifungulia bomba kabla akili haijakumbuka darsa. Mazoea hayaondoki kwa kuambiwa mara moja. Huondoka kwa kuwekewa mazoea mengine mahali pake.

YALIYOTOKEA HAPA HAPA KWETU

Sasa tuangalie jambo lililotokea katika ardhi hii tunayoikanyaga. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa wilaya za Mkoa wa Shinyanga.

Zamani sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa na misitu ya migunga na miti mingine. Wakati wa ukoloni misitu mingi ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, kwa sababu wadudu hao walikuwa wakiwaua ng'ombe. Kikaja kilimo cha pamba, mifugo ikaongezeka, mahitaji ya kuni yakaongezeka, na katika miaka ya 1970 watu wakahamishiwa katika vijiji vipya na kuacha maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Hali ikawa mbaya hata Shinyanga ikaitwa jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali, kwa msaada wa Norway, ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Mwanzoni nguvu nyingi zilielekezwa katika vitalu na ugawaji wa miche, lakini matunda yake hayakuwa makubwa. Kisha wataalamu wakafanya jambo la busara: wakawasikiliza wenyeji. Wazee wa Kisukuma walikuwa na desturi yao iitwayo ngitili. Mvua zinapoanza, mtu au kijiji hutenga eneo na kulifunga, mifugo isiingie. Nyasi zinakua, na visiki vya miti vinachipua. Kiangazi kikiwa kikali na malisho yameisha kwingine, ngitili hufunguliwa, na ndama na ng'ombe wa kulimia hupata majani. Desturi hiyo ilikuwa imedhoofika. HASHI ikaihimiza irudi.

Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zikijulikana zilikuwa na ukubwa wa takriban hekta 600 tu. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Watu wakapata malisho, kuni, nyasi za kuezekea, dawa za miti shamba, matunda na asali. Mwaka 2002 HASHI ilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Wanafunzi wapendwa, mjiulize: kwa nini miche ya bure haikufua dafu, na ngitili ikafaulu? Watu walikuwa ni wale wale, na elimu yao kuhusu ukame ilikuwa ni ile ile. Zirudieni zile sababu nne, mtaona kuwa ngitili ilizijibu zote.

Kwanza, ilionekana kwa macho. Jirani akiona ng'ombe wa mwenzake wamenenepa mwezi wa Septemba hahitaji semina, mwaka unaofuata anafunga na yeye. Pili, ilikuwa na mwenyewe. Kila ngitili ilijulikana ni ya nani, iwe ya kaya au ya kijiji, na kanuni zake zilitungwa na wenyewe katika mkutano wao wa jadi, dagashida, na sungusungu wakazisimamia. Mkosaji hakutozwa faini na mgeni kutoka mbali, alitozwa na watu wa kwao wanaomjua baba yake. Tatu, faida yake ilikuwa ya karibu: kiangazi kile kile. Nne, haikuwa ngeni. Mazoea yake yalikuwepo tangu kwa mababu.

Katika elimu ya dunia jambo hili lilizua mjadala. Mwaka 1968 mwanazuoni wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika kuwa malisho yanayotumiwa na wote lazima yaangamie, kwani kila mchungaji ataongeza ng'ombe wake. Baadaye mama mmoja, Elinor Ostrom, alichunguza jamii nyingi duniani akaonyesha kuwa sivyo siku zote: watu wakiwa na kanuni walizozitunga wenyewe, na wanaosimamiana wenyewe, huweza kutunza mali ya pamoja kwa karne nyingi. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009. Wazee wetu walikuwa wameyajua hayo bila ya tuzo.

WAVUVI WA MISALI

Mfano wa pili unatoka Zanzibar, na unahusu dini yetu. Magharibi ya Pemba kuna kisiwa kidogo kiitwacho Misali, ambacho jina lake wenyeji hulihusisha na msala wa kuswalia. Wavuvi wa vijiji vingi hutegemea maji yake. Katika miaka ya 1990 uvuvi wa uharibifu ulikuwa ukihatarisha matumbawe, ambayo ndiyo nyumba za samaki. Anayelipua baruti hupata samaki wengi siku moja, na kubomoa mazalia yao kwa miaka.

Mwaka 1998 eneo hilo lilitangazwa kuwa hifadhi. Marufuku ya baruti ilikuwepo, lakini bahari ni kubwa na askari ni wachache. Ndipo taasisi ya Kiislamu ya mazingira kutoka Uingereza, IFEES, ikishirikiana na shirika la CARE, ikawakusanya wavuvi, masheikh na viongozi, wakajadili mazingira kwa mtazamo wa Qur'ani: kwamba mwanadamu ni khalifa aliyekabidhiwa amana, na kwamba Allah (s.w.) ameumba kila kitu kwa mizani. Inasimuliwa kuwa wapo wavuvi waliokuwa hawajali amri ya serikali, lakini waliposikia kuwa jambo hili wataulizwa mbele ya Mola wao, wakabadilika.

Sisemi kuwa uharibifu wote ulikwisha. Ninachosema ni kuwa askari huona mchana na mahali alipo, na imani humwona mtu usiku akiwa peke yake katika ngalawa. Hata hivyo msisahau mfano wangu wa bombani. Mimi imani nilikuwa nayo na aya nilikuwa nimezisoma. Imani hutoa sababu ya kutenda, lakini inataka pia njia iliyo wazi ya kupitia.

SHERIA NAYO?

Mtu atauliza: kwani sheria haifai? Inafaa. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafanya hivyo tarehe 1 Juni 2019. Mnakumbuka zamani mifuko ya rambo ilivyokuwa ikining'inia kwenye miiba pembezoni mwa mji, na mbuzi wakiila. Mazoea ya miaka mingi yalikatika kwa muda mfupi, kwa sababu mifuko mbadala na vikapu vilikuwepo sokoni, na kila mtu aliona wenzake wamebadilika siku moja.

Lakini muda si mrefu vifungashio laini vya plastiki vikaanza kutumika kubebea bidhaa, na mwaka 2021 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) likalazimika kuvikataza navyo kwa matumizi hayo. Mtu anayeacha jambo kwa kuogopa faini tu hutafuta upenyo. Sheria hufungua mlango, na moyo ndio unaomwingiza mtu ndani.

SISI HAPA MADRASA TUFANYE NINI?

Mtakumbuka kuwa tulipanda miarobaini na miembe hapa uwanjani wakati wa mvua, wote kwa pamoja, kwa takbira na furaha. Kufikia mwezi wa Agosti mingi ilikuwa vijiti. Nilikasirika, nikasema watoto hawa hawana uchungu. Sasa naelewa kuwa kosa lilikuwa langu. Niliwapa miti ya wote, kwa hiyo kila mmoja alidhani mwenzake atamwagilia, kama wale waliosikia mtu ana kifafa.

Mvua zilizofuata tukagawana. Kila kundi la wanafunzi watatu lilipewa mche wake. Mingine imekufa, ama kwa mbuzi ama kwa mchwa, lakini iliyo mingi ipo hai, na ninawaona wenyewe mkiwafukuza mbuzi bila ya kuambiwa. Kwa uzoefu huo nawausia mambo matano:

(a) Geuzeni "ya wote" iwe "yangu." Kila bomba, kila mti, kila kona ya uwanja ijulikane ni amana ya nani.

(b) Rahisisheni njia ya kheri. Tumeweka makopo ya kutawadhia karibu na bomba, na ndoo chini yake. Imethibiti katika Bukhari na Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, kiasi kisichofika lita moja. Ama ile hadithi ya Sa'd, aliyeambiwa kuwa israfu ipo hata kwa anayetawadha kwenye mto unaotiririka, imepokewa na Ibn Majah na wanazuoni wameizungumzia sanadi yake. Lakini katazo la israfu lenyewe limo katika Qur'ani, Surat Al-A'raf, aya ya 31. Anayechota kwa kopo hahitaji kukumbushwa, kopo lenyewe linamkumbusha.

(c) Tieni niya yenye wakati na mahali. Usiseme tu, "nitatunza mazingira." Sema, "nikimaliza kula muwa, maganda nitayapeleka shimoni." Wataalamu wa saikolojia wamegundua kuwa azimio la namna hii hutekelezwa zaidi kuliko azimio la jumla. Nasi katika fiqhi tumezoea kuwa niya huambatana na kitendo maalumu.

(d) Yatangazeni mema yanayofanyika. Badala ya kusema wangapi wamechafua, tuseme makundi mangapi yamemwagilia wiki hii.

(e) Anzeni na kidogo chenye kudumu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa amali anayoipenda zaidi Allah ni ile inayodumishwa, hata ikiwa ndogo. Ametufundisha pia kuwa anayepanda mti, kikala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Na kuondosha udhia njiani ni katika matawi ya imani.

HITIMISHO

Ndugu wanafunzi, mtu hawi mtunzaji wa mazingira kwa kusikia hotuba nyingi. Huwa hivyo pale anapoliona jambo ni lake, anapowaona wenzake wakilifanya, anapoikuta njia yake ni nyepesi, na anapoamini kuwa ataulizwa juu yake. Kikikosekana kimoja kazi huwa ngumu, kama nilivyoona mimi mwenyewe pale bombani.

Yule mwanafunzi aliyetega ndoo hakutoa darsa. Lakini tangu siku ile sijafungulia bomba kabla ya kukunja mikono ya kanzu, na wengi wenu mmeiga kutega ndoo. Huyo ndiye mwalimu wangu katika somo hili, na maji ya ndoo ile yalikwenda kwenye mwarobaini ulio karibu na mlango, ambao sasa umenipita kimo. Namwomba Allah (s.w.) amzidishie elimu yenye manufaa, na sisi sote atujaalie tuwe ni wenye kutenda tunayoyajua. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja sababu nne zinazomzuia mtu kutenda analolijua, na utoe mfano wa kila moja kutoka mtaani kwenu.
2. Kwa nini ngitili ilifaulu zaidi kuliko ugawaji wa miche?
3. Muulize babu au bibi yako: ngitili ya ukoo wenu ilikuwa wapi, na je, ipo hadi leo?
4. Andika niya moja yenye wakati na mahali utakayoidumisha kwa siku 40.

Wabillahi tawfiq.